Lango lililomshinda mgawa maji: kisa cha banio moja Mbarali

"Fundi, chuma chako kimepinda tena."

Simu hiyo ilinikuta karakanani Mbeya asubuhi moja ya Februari, na neno lililoniuma ni hilo "tena". Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimeitwa kwenye skimu hiyohiyo ya mpunga kule Mbarali kwa tatizo hilohilo. Nikanyoosha spindo, nikabadilisha usukani, nikalipwa, nikaondoka. Kumbe nilitibu homa nikaacha malaria. Jina la skimu sitalitaja, wala la mkandarasi aliyejenga lango, kwa sababu malango ya aina hii yapo mengi bonde zima la Usangu na kosa lenyewe si la mtu mmoja. Sehemu yake ni yangu.

Kwa asiyelijua banio: ni ukuta wa zege unaokingama mto na kuinua maji yaingie mfereji mkuu. Mwanzoni mwa mfereji kuna lango, yaani pleti ya chuma inayopanda na kushuka katikati ya reli mbili. Juu ya pleti imesimama spindo, fimbo ya chuma yenye nyuzi kama za boliti, nayo inapita kwenye nati iliyoshikamana na usukani. Ukizungusha usukani, spindo inapanda na kuvuta pleti. Mgawa maji hufungua kwa zamu za wakulima na hufunga mto unapofurika, majaruba yasije yakazolewa.

Mgawa maji wa hapa ni mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, urefu wake mita 1.55. Nilimpima, na baadaye utaona kwa nini. Nilipofika nilimwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu", kisha akanipeleka moja kwa moja langoni. Spindo ilikuwa imejikunja kama upinde. Kando yake, kwenye nyasi, lilikuwepo bomba la inchi mbili lenye urefu wa mita moja na nusu. Hakuna aliyelisemea neno.

Mkutano wa chama cha wamwagiliaji ulikuwa umeshatoa hukumu. Wapo waliosema kazi ya lango apewe kijana mwenye misuli, mama apumzike. Wapo waliosema vijana ndio walioharibu. Mzee mmoja akaniambia pembeni kwamba wakati wa mabanio ya miti na majani hapakuwa na chuma cha kupinda. Nikacheka, lakini ana hoja. Banio la miti kila mtu analibomoa na kulijenga kwa kadiri ya nguvu zake. Lango la chuma linakupangia nguvu ya kutoa, na usipokuwa nayo ndiyo basi.

Usiku wa tukio mto ulipanda ghafla, kama inavyopanda mito inayoshuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto. Mama alikwenda kufunga. Akazungusha mara sita au saba, usukani ukagoma. Akawaita vijana wawili waliokuwa wanalinda vitalu. Nao walipozidiwa wakachomeka bomba katikati ya mikono ya usukani, wakalisukuma kwa nguvu zote. Lango likashuka kidogo likakwama kwenye kipande cha mti, wao wakaendelea kusukuma wakidhani bado ni ukaidi wake wa kawaida. Chuma kikapinda. Maji yakaingia mashambani hadi alfajiri.

Safari hii sikuanza na chuma, nilianza na mikono.

Niliipeleka spindo Mbeya ikanyooshwa kwa jeki ya haidroliki, nikairudisha ilivyokuwa bila kubadilisha lolote, bila hata tone la grisi. Kisha nikaazima kwa mnunuzi wa mpunga mizani ya kuning'iniza. Nikafunga kamba kwenye ukingo wa usukani, nikaizungushia, nikavuta kupitia mizani. Nitahesabu kwa kilo za mizani, maana ndizo tunazozijua sokoni. Anayetaka nyutoni azidishe kwa 9.81. Maji yalikuwa mita moja mbele ya lango, na usukani ulianza kusogea mizani iliposoma kilo 17.

Kilo 17 si nyingi kwa masikio ya mtu anayebeba ndoo. Lakini usukani huo wenye kipenyo cha sentimita 60 ndio niliouweka mimi mwaka uliopita, nikitoa ule wa kwanza wa sentimita 40. Kwa ule wa zamani kipimo hichohicho kingekuwa kilo 25 na nusu. Na hayo ni maji ya mita moja. Alama ya tope ukutani ilionyesha kuwa usiku ule yalifika mita 1.6.

Hapo ndipo hesabu inapochekesha. Lango lina upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 1. Maji yakifika usawa wa juu wa lango, wastani wa kina ni nusu mita juu ya eneo la mita za mraba 1.2, kwa hiyo yanaligandamiza kwa kilo 600. Yakipanda sentimita 60 zaidi, wastani wa kina unakuwa mita 1.1 na mgandamizo unafika kilo 1,320. Kina kimeongezeka kwa zaidi kidogo ya nusu, mzigo umezidi mara mbili. Huo mgandamizo hauinuliwi na mtu, lakini unaibana pleti kwenye reli, na chuma chenye kutu na tope kikiburuzwa juu ya chuma hudai karibu nusu ya kile kinachokibana. Ongeza uzito wa lango lenyewe na spindo, kama kilo 88. Kwa maji ya mita moja spindo inainua karibu kilo 390. Kwa maji ya usiku wa mafuriko, kuliinua kungedai karibu 750.

Nyuzi za spindo hupunguza mzigo huo sana, kwani mzunguko mmoja unainua milimita 6 tu. Tatizo ni kwamba nyuzi kavu zinakula sehemu kubwa ya jasho, na nati ilikuwa imekaa chuma juu ya chuma, nayo inakula nyingine. Nilipopiga hesabu yote, katika kila kilo 100 za juhudi ya mkono, kilo 8 tu ndizo zilizokuwa zinainua lango. Zilizobaki zilikuwa zinasaga chuma. Kwenye usukani wangu mpana, hesabu ilitoa kilo 15 kwa maji ya mita moja (mizani ilisema 17, hatukupishana mbali) na kilo 29 kwa mafuriko. Kwenye usukani wa awali, mafuriko yangedai kilo 44.

Sasa mikono. Usukani ulikuwa umelala, kama meza, kwenye kimo cha mita 1.45 kutoka pale anaposimama mzungushaji. Bega la mama liko kwenye mita 1.27 hivi, kiwiko chake chini kidogo ya mita moja. Maana yake alikuwa anazungusha kitu kilicho juu ya mabega yake, mikono imeinuliwa kama mtu anayeanua nguo kambani. Nilimwomba avute mizani kwa mkono mmoja akiwa katika kimo hicho, kwa kuelekea kando, maana usukani uliolala unadai nguvu ya kando kwa sehemu kubwa ya mzunguko. Akafika kilo 9. Nikashusha ndoano hadi usawa wa kiwiko nikamwomba avute kuelekea kifuani. Akafika 17. Mtu yuleyule, mkono uleule, dakika tano baadaye.

Hilo halikunishangaza, ingawa lilinitia aibu, kwa sababu nililisoma chuoni nikalisahau. Mwaka 1955 nchini Marekani, mtafiti Hunsicker alipima wanaume vijana waliokaa kitini, kila mmoja akisukuma na kuvuta mpini kuelekea pande sita, kiwiko kikikunjwa kwa pembe tofauti. Jedwali lililotokana na vipimo hivyo bado linatumika kwenye miongozo ya usanifu. Kwa mkono wa kulia ulionyooshwa, hata wale dhaifu kabisa kwenye kundi, yaani wale ambao 95 kati ya 100 wanawazidi, waliweza kuvuta kuelekea mwilini kwa nyutoni 231, kilo 23 na nusu. Kusukuma mbele, 222. Kupeleka mkono nje kando, 62 tu, kilo 6 na kitu. Mkono ni hodari kwenye mstari wa mfupa wake, na kila unapotoka nje ya mstari huo unabakiwa na misuli midogo ya bega. Na hao walikuwa wanaume. Mikono ya wanawake, kwa wastani, hupimwa ikiwa na kati ya nusu na theluthi mbili ya nguvu ya wanaume. Tofauti ya miguu ni ndogo zaidi. Vijana wanaosema mama ni mvivu wangejaribu kulima kwa jembe lililotengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye urefu wa mita mbili na nusu.

Kwa mikono miwili mama ana kilo 18 pale juu, na lango lilidai 17 siku ya maji ya kawaida. Mtu wa karatasi atasema basi linafunguka. Linafunguka, ndiyo, kwa mizunguko miwili. Kuinua lango sentimita 60 ni mizunguko 100. Rohmert, mtafiti wa Kijerumani, alionyesha mwaka 1960 kwamba msuli uliokazwa kwa nguvu yake yote hudumu sekunde chache tu. Ukikazwa kwa nusu ya nguvu hiyo hudumu kama dakika moja. Na ili ukae muda mrefu lazima ushuke hadi karibu asilimia 15. Vipimo vyake ni vya kushikilia kitu kilichotulia, na kuzungusha kunaupa msuli nafasi ya kupumua, lakini fundisho linabaki: nguvu ya juu kabisa si nguvu ya kazi. Malango ya maji Marekani kwa kawaida huagizwa kwa sharti kwamba usukani usidai zaidi ya pauni 40, kilo 18, na hapo mpini umewekwa usawa wa kiuno wala si juu ya bega.

Swali lililobaki ni jinsi lango lilivyopita ukaguzi. Nikawauliza wazee wa chama. Siku ya makabidhiano, wakasema, kijana wa mkandarasi alizungusha kwa mkono mmoja huku anaongea na simu. Mwezi gani? Septemba. Mfereji ulikuwa mkavu! Hapakuwa na maji ya kubana pleti, grisi ilikuwa mpya, na kilichoinuliwa kilikuwa zile kilo 88 peke yake. Nilipiga hesabu: kama kilo 3 kwenye usukani. Mtoto wa darasa la tatu angelifungua, na karatasi ikasainiwa.

Kosa langu la mwaka uliopita lilikuwa la aina nyingine. Niliona usukani mzito, nikaweka mpana zaidi, nikaona nimepunguza nguvu kwa theluthi. Sikumwomba mama ausukume. Daraja analosimamia ni jembamba, na ukingo wa mbali wa usukani ulikuwa juu ya maji, kwa hiyo hakuweza kuufikia bila kuinama nje. Alikuwa anavuta nusu mzunguko, anaachia, anashika upya. Na ile mikono minne minene ya usukani wangu mpya ikawa mahali pazuri mno pa kuchomeka bomba.

Hilo bomba linastahili hesabu yake. Vijana wawili, kila mmoja anaweka kilo 40, mita moja kutoka katikati. Kwa nyuzi zile kavu, na hata baada ya msuguano kula sehemu yake, spindo inasukumwa chini kwa karibu tani 7. Spindo ya milimita 40, ambayo kiini chake chini ya nyuzi ni milimita 33, ikiwa na mita 1.8 bila mshikilio katikati, inapinda ikifikia tani 3 na nusu hivi. Haikuwa na bahati yoyote.

Kwa hiyo lango lilikuwa na makosa mawili yanayoelekea pande tofauti: lilikuwa gumu kwa mtu dhaifu anayelitumia kila siku, na laini kwa mtu mwenye nguvu anayelitumia siku moja kwa hasira. Mafundi wengi tunashughulikia upande mmoja tu. Tukilegeza tunasahau wenye nguvu. Tukiimarisha tunaweka chuma kinene na kumwacha mama na bega lake.

Mwenyekiti alipendekeza gia. Ni dawa halali, malango makubwa hutumia gia, lakini bei ilikuwa juu ya uwezo wa chama, na gia ya moja kwa nne ingegeuza mizunguko 100 kuwa 400. Saa tisa usiku, mvua inanyesha, nani atazungusha mara 400? Nikawaambia tusinunue nguvu wakati 92 kati ya kila 100 tulizonazo tunazitupa.

Tulianza na reli. Nilichukua vipande vya bomba jeusi la maji la poli, lile zito lenye ukuta wa sentimita moja, nikavipasha moto, nikavibana vikawa bapa, nikavifunga kwa skrubu za kichwa kilichozama kwenye ukingo wa pleti pale unapogusa reli. Poli juu ya chuma kilicholowa haidai nusu ya mgandamizo. Inadai kama sehemu ya tano. Kwa hatua hiyo moja mzigo wa mafuriko ulishuka kutoka kilo 750 hadi 350.

Nati ya chuma nikaitoa, nikachonga ya shaba nyeusi, na spindo nikaisafisha kwa brashi ya waya na kuipaka grisi, kisha nikaivisha mfuko wa turubai usiku na mchana usiingie vumbi. Chini ya nati nikaweka beringi bapa, inayopokea mzigo lango linapoinuliwa. Juu yake, upande unaopokea mzigo wakati wa kufunga, niliweka washa ya kawaida tu, kwa makusudi. Msuguano ukipungua, kila kilo ya mkono inasukuma spindo kwa nguvu zaidi, na spindo hupinda kwa kusukumwa, haipindi kwa kuvutwa. Laiti ningelainisha pande zote mbili, mtu mmoja hodari na usukani mtupu, bila bomba, angeweza kuikunja. Msuguano ule wa washa ni ulinzi. Kufunga kunabaki kwepesi vya kutosha kwa sababu uzito wa lango unasaidia.

Usukani nikaurudisha kwenye sentimita 40. Hapo ndipo nilipogombana na mwenyekiti, maana kwake usukani mdogo ni kurudi nyuma. Nikamweleza kwamba usukani mpana ni msaada kwa dhaifu na silaha kwa mwenye nguvu, na sasa dhaifu hauhitaji. Kati ya usukani na nati nikapitisha pini ya chuma laini ya milimita 3. Nilikuwa nimekusudia boliti ya milimita 6, hesabu ikaniambia kwamba spindo ingepinda na boliti ikiwa nzima. Ile ya milimita 3 inakatika usukani ukilazimishwa kwa kilo 50 na kitu, na kwa kufunga spindo inakuwa haijafika hata tani moja na nusu.

La mwisho lilikuwa rahisi kuliko yote: ngazi ya zege ya sentimita 40 pale mama anaposimama, yenye reli ya kushikilia nyuma. Usukani ukawa mita 1.05 kutoka miguuni, juu kidogo ya kiwiko chake na usawa wa kiwiko cha kijana wa urefu wa kawaida. Mifuko mitatu ya saruji na nusu siku. Mkandarasi angeifanya tangu mwanzo kama angeuliza nani atasimama hapa.

Katikati ya Machi mto ulifika mita moja na nusu na nikaenda na mizani. Kuanza, kilo 8. Ukishaanza, kilo 6. Mama alifungua lango lote bila kupumzika, akaniambia ameona tofauti zaidi kwenye shingo kuliko mikononi. Sikuwa nimeifikiria shingo hata kidogo. Kumbe mtu anayezungusha juu ya mabega hukaza shingo muda wote, na ndiyo iliyokuwa inamlaza macho usiku.

Faida nyingine hatukuipanga. Zamani, kwa kuwa kufunga kulikuwa adhabu, lango lilikuwa linaachwa nusu wazi hata usiku ambao hakuna zamu, na maji yanapotelea kwenye majaruba yaliyokwisha shiba. Sasa linafungwa. Kwa mto unaolisha Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, lango gumu si shida ya bega la mtu mmoja tu. Ingawa ukimwambia hivyo mkulima wa juu na mfugaji wa chini, jiandae kwa mjadala mrefu.

Pini imekatika mara moja, Aprili. Kijana alikuwa anafunga, gogo likaingia chini ya lango, akalazimisha, usukani ukazunguka bure. Mama akafungua kidogo, gogo likatoka na maji, akafungua fundo la kanga yake akatoa pini mpya. Alikuwa nazo tatu.

Kinachonirudisha Mbarali ni poli ya upande wa kushoto. Imelika milimita tatu wakati ya kulia imelika moja, maana yake reli hazikujengwa sambamba na lango linapanda kwa kuegemea. Lazima ibadilishwe kabla ya Novemba vitalu vijavyo havijaanza, na safari hii nitapima nikiwa na maji mbele ya lango.